Sare katika Raga ya Kimataifa

Mechi ya raga hutoka sare pale muda unapokwisha na pande zote mbili zikiwa na pointi sawa. Katika raga ya kimataifa matokeo hayo yanaruhusiwa kwenye ziara, kwenye Mashindano ya Mataifa Sita ya Ulaya, kwenye mashindano ya mataifa ya kusini yaani Rugby Championship, na kwenye hatua ya makundi ya Kombe la Dunia. Kwenye hatua ya mtoano hayaruhusiwi: pointi zikilingana baada ya dakika 80, mchezo huendelea kwa njia moja au nyingine hadi apatikane wa kusonga mbele. Mpaka huo waweza kuonekana kuwa jambo la ratiba tu. Nyuma yake lipo swali la zamani kuhusu kusudi la kushindana. Mashindano yana wajibu wa kumpata mshindi, na yana wajibu wa kusema kweli juu ya kilichotokea uwanjani. Wajibu hizo mbili zikigongana, upi utangulie?

Sare ina umri karibu sawa na mchezo wenyewe. Mechi ya kwanza ya mataifa, Uskoti dhidi ya Uingereza, ilichezwa Raeburn Place, Edinburgh, tarehe 27 Machi 1871, na Uskoti ikashinda. Miaka miwili baadaye, mjini Glasgow, timu hizo hizo zilitoka suluhu. Wakati huo mshindi alipatikana kwa kuhesabu magoli peke yake. Kuweka mpira chini nyuma ya mstari wa mpinzani, yaani trai, kulimpa mchezaji ruhusa ya kupiga mkwaju kuelekea golini, na mkwaju ukipotea, trai nayo imepotea. Timu iliweza kuutawala mchezo mchana kutwa na kuondoka mikono mitupu. Katikati ya miaka ya 1870 trai zikaanza kuamua pale magoli yanapolingana. Baadaye ukaja utaratibu wa pointi, na thamani ya trai ikapandishwa hatua kwa hatua hadi pointi 4 mwaka 1971 na pointi 5 mwaka 1992. Leo penalti na mkwaju wa kudondosha vina pointi 3 kila kimoja, na mkwaju unaofuata trai una pointi 2. Kwa hesabu hizo sare imekuwa nadra. Suluhu ya 0–0, kama ile ya Uskoti na New Zealand mjini Edinburgh Januari 1964, ni jambo ambalo mashabiki wengi wa leo hawajapata kuliona.

Historia hiyo ina funzo moja linalosahaulika katika mabishano ya siku hizi. Mageuzi yote yaliyopunguza sare yalifanywa ndani ya mchezo, kwa kujiuliza ni kitendo gani kinastahili kuhesabiwa na kwa uzito gani, na jibu lilijulikana kwa pande zote kabla ya filimbi ya kwanza. Kurekebisha kipimo ni jambo moja. Kuongeza kitu kingine baada ya kipimo kuonyesha kuwa pande mbili ziko sawa ni jambo lingine kabisa.

Mfano wenye mafunzo mengi zaidi ni ziara ya Lions, timu ya pamoja ya wachezaji wa Uingereza, Uskoti, Welisi na Eire, nchini New Zealand mwaka 2017. Mechi zilikuwa tatu. Ya kwanza, Auckland, New Zealand ilishinda 30–15. Ya pili, Wellington, Lions walishinda 24–21 baada ya Sonny Bill Williams wa New Zealand kuonyeshwa kadi nyekundu. Ya tatu ilirudi Auckland, kwenye uwanja wa Eden Park, tarehe 8 Julai, na ikaisha 15–15. Dakika chache kabla ya mwisho Owen Farrell wa Lions alisawazisha kwa penalti. Mara baada ya mchezo kuanza tena, refa Romain Poite aliwapa New Zealand penalti kwa kosa la kuotea, kisha, baada ya kuangalia picha na kushauriana na wenzake, akaibadilisha kuwa skramu kwa hoja kwamba aliyeotea hakukusudia. Penalti ile ingeweza kuamua kila kitu. Muda ukaisha, na manahodha wawili, Kieran Read na Sam Warburton, wakaliinua kombe pamoja.

Malalamiko yalifuata, na hoja iliyosikika ni kwamba mataifa yenye fahari kubwa kiasi hicho, na mashabiki waliosafiri kutoka upande wa pili wa dunia, walistahili jibu. Lakini jibu lingetoka wapi? Kwenye mechi ya tatu New Zealand ilifunga trai mbili na Lions hawakufunga hata moja. Pointi zao zote 15 zilitokana na penalti. Kwa kuhesabu trai za siku hiyo, New Zealand ndiyo mshindi. Kwa kuhesabu trai za mechi zote tatu, New Zealand ina tano na Lions nne. Kwa kujumlisha pointi, New Zealand ina 66 na Lions 54. Vipimo vyote hivyo vinaelekea upande mmoja, na bado hakuna hata kimoja kinachostahili kupewa uamuzi, kwa sababu kila kimoja kinahesabu mara ya pili kitu ambacho kimeshahesabiwa. Trai ina pointi 5 na penalti ina pointi 3 hasa kwa sababu waliotunga sheria waliamua kwamba trai ni bora zaidi. Ubora huo umo tayari ndani ya 15. Anayesema kwamba 15 ya trai inaizidi 15 ya penalti anaidai trai thamani ambayo sheria haikuipa. Vivyo hivyo kwa jumla ya pointi: ushindi wa mechi ya kwanza kwa tofauti ya 15 ulihesabiwa kuwa ushindi mmoja, kama ulivyohesabiwa ushindi wa Lions kwa tofauti ya 3. Mizani ikisimama sawa, muuza duka anayebonyeza upande mmoja kwa kidole hapati uzito sahihi zaidi; anapata jibu tu.

Kriketi ililipa gharama ya kusahau jambo hilo mbele ya dunia nzima. Tarehe 14 Julai 2019, kwenye uwanja wa Lord's, fainali ya Kombe la Dunia kati ya Uingereza na New Zealand iliisha kila upande ukiwa na mikimbio 241. Ikachezwa ova moja ya ziada kwa kila timu, nayo ikaisha 15 kwa 15. Uingereza ikatangazwa bingwa kwa sababu ilikuwa imepiga mipira mingi zaidi iliyofika mpakani mwa uwanja, 26 dhidi ya 17. Mipira hiyo ilikuwa imekwisha kulipwa mikimbio yake. Miezi mitatu baadaye shirikisho la kriketi duniani liliiondoa kanuni hiyo, lakini medali zilikuwa zimeshavaliwa.

Wanaopinga sare wanayo hoja nzito zaidi ya hamu ya mashabiki, na inafaa kupewa nafasi yake. Mwanafalsafa Bernard Suits, katika kitabu chake The Grasshopper cha mwaka 1978, alieleza kwamba kucheza ni kujitolea kwa hiari kuvuka vikwazo visivyo vya lazima ili kufikia lengo ambalo mchezo wenyewe umeliweka. Lengo la mechi ya raga ni kumzidi mpinzani kwa pointi. Kwenye sare hakuna aliyelifikia. Kwa mtazamo huo mechi ya sare ni kazi iliyoachwa njiani, na kuiacha hivyo ni kuwavunjia heshima waliotoka jasho.

Hoja hiyo inachanganya lengo la mchezaji na kusudi la mchezo. Kila mchezaji analenga kushinda, na lazima alenge hivyo kwa moyo wote. Bila hilo hakuna mchezo. Mechi yenyewe haina lengo la kushinda. Kazi yake ni kuziweka nguvu mbili mbele ya vikwazo vilevile kwa muda uleule na kuonyesha kinachotokea. Ikiwa wote wawili walijitahidi kikweli na hakuna aliyemzidi mwenzake, hayo ndiyo yaliyotokea, na kazi ya mechi imekamilika. Waswahili husema asiyekubali kushindwa si mshindani. Sare humdai mshindani unyenyekevu mgumu zaidi kuliko huo: akiri kwamba aliyemkabili ni sawa naye, bila kupata faraja ya ushindi wala ile faraja nyingine ya kushindwa na aliye bora.

Upo upande wa pili wa suala hili, ambao wanaanthropolojia wameuchunguza kwa makini. Claude Lévi-Strauss, katika kitabu chake La Pensée sauvage cha mwaka 1962, aliwataja Wagahuku-Gama wa Papua New Guinea, waliojifunza soka kutoka kwa wageni kisha wakaicheza kwa siku nyingi mfululizo, mechi baada ya mechi, mpaka idadi ya kushinda na ya kushindwa ya kila upande ilingane. Alitumia mfano huo kutofautisha mchezo na ibada. Mchezo huanza na watu walio sawa na kuishia kwa kuwatenga, huyu juu na yule chini. Ibada huanza na watu waliotengana na kuishia kwa kuwaunganisha. Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kwenda Papua New Guinea kuiona ibada ya namna hiyo. Katika sherehe za Mwaka Kogwa huko Makunduchi, Unguja, wanaume wa pande mbili hupigana kwa migomba ili kinyongo cha mwaka unaoondoka kiishe, na hakuna anayehesabu nani kashinda.

Raga ya mataifa imesimama kati ya hayo mawili, na pengine ndiyo maana sare zake huwagusa watu kwa kina kuliko sare za ligi. Ni mchezo, na hushindaniwa kwa ukali. Lakini mechi ya Uskoti na Uingereza, iliyorudiwa kwa zaidi ya miaka 150, ina mengi ya ibada pia: nyimbo, tarehe, kikombe, kumbukumbu za ugomvi wa kale ambao sasa unachezwa badala ya kupiganwa. Mwaka 1973 ubingwa wa mataifa matano ya Ulaya uliisha kwa namna ambayo Lévi-Strauss angeifurahia: kila timu ilishinda mechi zake mbili za nyumbani na kupoteza mbili za ugenini, na zote tano zikagawana ubingwa. Tangu 1994 mgawanyo wa aina hiyo haupo. Timu zikilingana huangaliwa tofauti ya pointi, na siku hizi bingwa hupatikana hata kama tofauti hiyo ilipatikana kwa kumkandamiza mnyonge wa mashindano. Jedwali limenyooka zaidi. Ni vigumu kuona kwamba limekuwa la kweli zaidi.

Watu wa kale walikuwa na heshima kwa matokeo ya sawasawa ambayo zama za televisheni zimeipoteza. Katika kitabu cha 23 cha Iliadi ya Homer, kwenye michezo ya mazishi ya Patroklo, Ayasi na Odiseo wanapigana mieleka bila mshindi kupatikana, hadi Akile anasimama na kuwazuia, akisema wote wameshinda na wachukue zawadi sawa. Katika michezo ya Wagiriki, pambano lililokosa mshindi liliweza kutangazwa kuwa takatifu, na taji lake likawekwa wakfu kwa mungu. Fikra hiyo ina uzito. Ikiwa wanadamu wawili wamefikia ukomo wao na ukomo huo ni mmoja, taji halina wa kulivaa miongoni mwa watu.

Sheria ya Kiislamu ilifika mahali karibu na hapo kwa njia ya haki ya mali. Imamu an-Nawawi, katika Minhaj at-Talibin, kitabu cha karne ya 13 ambacho wanazuoni wa Kishafii wa mwambao wa Afrika Mashariki wamekifundisha kwa vizazi, anazungumzia mashindano ya farasi ambamo wawili wameweka dau na wa tatu ameingia bila kuweka. Ikiwa wale wawili wamemtangulia wa tatu na wamefika pamoja, hakuna anayechukua kitu kwa mwenzake. Kila mmoja hubaki na chake. Kanuni ni nyepesi na imara. Mali haihami kutoka mkono mmoja hadi mwingine bila sababu, na kufika pamoja si sababu.

Kanuni ya namna hiyo ndiyo inayoongoza Kombe la Calcutta, linaloshindaniwa na Uskoti na Uingereza, kikombe kilichofuliwa kwa rupia za fedha za klabu ya raga ya Calcutta ilipovunjwa. Mechi ya kwanza ya kuligombea, mwaka 1879, ilitoka sare. Ikitokea hivyo, kombe hubaki kwa aliyekuwa nalo. Tarehe 16 Machi 2019, Twickenham, Uingereza iliongoza 31–0 kabla ya mapumziko. Nahodha wa Uskoti, Stuart McInally, aliuzuia mkwaju wa Farrell wa Uingereza na kukimbia na mpira hadi kufunga trai, na kipindi cha pili Uskoti ikafunga mfululizo hadi ikaongoza 38–31 zikiwa zimesalia dakika chache. Katika dakika za majeruhi George Ford alifunga trai na kupiga mkwaju wake: 38–38. Uskoti, iliyoshinda mwaka uliotangulia, ikabaki na kombe. Hakuna dakika kumi za nyongeza ambazo zingeongeza chochote kwenye mchana ule. Zaidi ya hayo, hakuna kipimo ambacho kingeweza kusema kwa haki ni nani aliyekuwa bora, aliyeongoza kwa 31 au aliyezirudisha zote na kuzidi.

Kumwachia kombe aliyekuwa nalo kuna mizizi mirefu. Katika sheria ya kale ya Uingereza, kesi ya ardhi iliweza kuamuliwa kwa pambano la watetezi wa pande mbili, na mtetezi wa anayeikalia ardhi alihesabiwa kushinda akiwa amesimama hadi nyota zinapoonekana jioni. Anayedai ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha. Kwa mashindano ya raga hilo linatosha kabisa: kikombe kina mwenyewe, mgeni amekuja kukidai, na kwa kuwa hakumzidi mwenye nacho, dai lake halikuthibitika. Historia ya mechi huandikwa kuwa sare, na kikombe hupata pa kukaa, bila moja kuingilia jingine.

Mahali pagumu ni hatua ya mtoano. Timu moja lazima isafiri kwenda nusu fainali na nyingine irudi nyumbani. Uwanja umekodishwa kwa Jumamosi, na mpinzani anangoja. Hapa ulazima ni wa kweli, na falsafa isiyoukubali haina msaada. Hata hivyo ulazima wa kuchagua haugeuki kuwa uthibitisho wa ubora. Maandiko ya dini yanaijua tofauti hii. Katika Kurani wanaogombea kumlea Maryam wanatupa kalamu zao kupiga kura, na kitabu cha Mithali kinaisifu kura kwa kuwa humaliza ugomvi wa wenye nguvu. Kura ni mwaminifu kwa sababu haijifanyi kipimo. Haimwambii aliyekosa kwamba alikuwa dhaifu.

Kombe la Dunia la raga limechagua njia ndefu zaidi: dakika 10 na nyingine 10 za nyongeza, kisha dakika 10 ambamo anayefunga kwanza anashinda, na mwishowe mashindano ya kupiga mikwaju. Hadi mashindano ya wanaume ya 2023, hakuna mechi iliyofika kwenye mikwaju. Dakika za nyongeza zenyewe zimeamua fainali mbili. Tarehe 24 Juni 1995, Ellis Park, Johannesburg, Afrika Kusini na New Zealand zilikuwa 9–9 baada ya dakika 80, na mkwaju wa kudondosha wa Joel Stransky ukaleta 15–12. Tarehe 22 Novemba 2003, Sydney, Jonny Wilkinson aliipa Uingereza ushindi wa 20–17 dhidi ya Australia kwa mguu wake wa kulia, ambao si mguu wake wa nguvu, muda wa nyongeza ukikaribia kwisha. Njia hii ina sifa kubwa: kinachoamua ni raga yenyewe. Mchezo umeongezwa, kipimo hakikubadilishwa.

Mikwaju ni habari nyingine, na raga ya klabu imeonyesha jinsi gani. Mei 2009, mjini Cardiff, nusu fainali ya Kombe la Heineken, mashindano ya klabu za Ulaya, kati ya Leicester na Cardiff Blues iliisha 26–26 baada ya muda wa nyongeza. Wachezaji wakapangwa kupiga mikwaju mmoja mmoja mbele ya magoli, na zamu zikawafikia mafowadi ambao kazi yao ya maisha ni kukaba, kusukuma skramu na kunyakua mipira chini. Martyn Williams, mmoja wa mafowadi bora wa kizazi chake, alikosa. Jordan Crane, fowadi mwenzake wa upande wa pili, akapata. Leicester ikapita 7–6. Mtu aliyefanya kila alichofundishwa kwa dakika 100 alibebeshwa mwisho wa msimu wa klabu yake kwa kitendo ambacho mchezo haujawahi kumdai. Hapo kuna dhuluma, hata kama hakuna aliyeikusudia. Miaka 13 baadaye, mjini Dublin, klabu za Toulouse na Munster zilipolingana 24–24, kila upande ulitoa wapigaji watatu wenye kuzoea kazi hiyo, na Toulouse ikapita 4–2. Hayo ni afadhali, ingawa bado timu nzima ya watu 23 inapimwa kwa miguu ya watatu.

Je, basi, dakika za nyongeza zitumike kila mahali, hata kwenye ziara na kwenye Mataifa Sita? Pendekezo hili husikika kila baada ya sare kubwa, na kuna mambo mawili yanayolikatalia. La kwanza ni la mantiki. Mwaka 2020 ligi ya Australia ilijaribu muda wa ziada ambamo anayefunga kwanza anashinda, na mechi ya Rebels na Reds ya mwezi Julai ikaingia kwenye muda huo kwa 18–18 na kutoka kwa 18–18. Mchezo wenye mwisho daima unaweza kuisha kwa usawa. Ni lazima ama sare ikubaliwe mahali fulani, ama mchezo uendelee bila kikomo, ama uamuzi uletwe kutoka nje ya mchezo.

La pili ni la maadili, na ndilo lenye uzito zaidi. Raga ni mchezo wa kugongana. Kila dakika baada ya themanini huchezwa na miili iliyochoka, ambayo hukaba vibaya na kuanguka vibaya, na kichwa kinachogongwa wakati shingo imelegea ni kichwa kilicho hatarini. Mchezo huu kwa sasa unakabiliwa na kesi za wachezaji wa zamani walioumia ubongo. Kwenye mtoano hatari hiyo inabebwa kwa ajili ya jambo lisiloepukika. Kwenye mechi ya ziara isiyoamua lolote, ingebebwa ili watu waliokaa vitini waondoke na hisia ya kumaliza. Hamu yao ni halali, lakini haifikii bei hiyo, na mashirika ya raga hayana haki ya kuiuza kwa niaba ya wachezaji.

Thamani ya sare huonekana wazi zaidi kwa timu ndogo. Mwaka 2007, mjini Bordeaux, Japani ilifunga trai katika dakika za majeruhi dhidi ya Kanada na Shotaro Onishi akasawazisha kwa mkwaju wa mwisho wa mechi, 12–12. Tangu ilipoifunga Zimbabwe mwaka 1991, Japani ilikuwa imepoteza kila mechi ya Kombe la Dunia. Mwaka 2023, mjini Toulouse, Ureno na Georgia zilitoka 18–18, na kwa Ureno hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuondoka uwanjani kwenye Kombe la Dunia bila kushindwa. Wiki mbili baadaye ikaifunga Fiji 24–23. Februari 2024, mjini Lille, Italia ilipata penalti ya mwisho dhidi ya Ufaransa kwa 13–13. Mpira ukaanguka kutoka kwenye kishikizo chake huku Wafaransa wakianza kusogea na muda wa kupiga ukiyoyoma. Paolo Garbisi akauweka tena upesi, akapiga, ukagonga mlingoti. Waitaliano waliumia kwa sababu walikuwa karibu na kushinda ugenini mbele ya moja ya timu bora duniani. Kuwaongezea dakika 20 dhidi ya benchi lenye nguvu kuliko lao kungekuwa, mara nyingi, njia ya kumrudishia mkubwa alichokwisha kupoteza.

Inafaa kuitenga sare ya kweli na ile ya karatasi. Oktoba 2019 kimbunga Hagibis kiliifikia Japani katikati ya Kombe la Dunia, na mechi tatu zikafutwa: New Zealand na Italia, Uingereza na Ufaransa, Namibia na Kanada. Zote ziliandikwa 0–0, pointi 2 kwa kila timu. Italia ilikuwa bado na nafasi ya kufuzu kwa hesabu, ingawa ndogo, na ikatolewa bila kucheza. Namibia, isiyowahi kushinda mechi ya Kombe la Dunia, ikapata pointi zake mbili za mashindano yale kwa mechi isiyokuwapo. Usalama wa watu ulidai kufuta, na hakuna wa kulaumiwa kwa hilo; wachezaji wa Kanada walitoka na kusaidia kusafisha matope mjini Kamaishi. Kilichokosewa ni kuiandika dhoruba kama usawa. Mechi ambayo haikuchezwa haina matokeo, na kanuni ingeweza kusema hivyo na kugawa pointi chini ya jina lake la kweli.

Linabaki pingamizi la woga. Ikiwa sare ina thamani, husema wanaoipinga, timu zitacheza kwa kuitafuta. Sataranji inawapa ushahidi: pambano la ubingwa wa dunia kati ya Anatoly Karpov na Garry Kasparov lililoanza 1984 lilikuwa na sare 40 katika michezo 48, na likasimamishwa Februari 1985 bila mshindi. Raga haiko hivyo. Jedwali linatoa pointi 4 kwa ushindi na 2 kwa sare, na mwenye kupoteza kwa tofauti isiyozidi pointi 7 hupata 1, hivyo anayehatarisha sare kwa kutafuta ushindi anaweka rehani pointi moja tu ili apate mbili zaidi. Sheria imeshaupima ujasiri na kuupendelea. Hata hivyo uamuzi wa mwisho huwa mkononi mwa mchezaji. Novemba 2022, Twickenham, Uingereza ilikuwa nyuma 25–6 dhidi ya New Zealand zikiwa zimesalia chini ya dakika kumi, ikafunga trai tatu na kusawazisha 25–25. Mchezo ulipoanzishwa tena na Waingereza kuupata mpira, Marcus Smith aliupiga nje na kuimaliza mechi, na sehemu ya mashabiki wake wenyewe wakaonyesha kutoridhika. Sheria ilimruhusu. Kosa, kama lilikuwapo, lilikuwa la hukumu yake ya dakika ile, na dawa yake ni kuhukumiwa na watu wanaoujua mchezo, kama ilivyokuwa. Miaka miwili kabla, mjini Wellington, Australia na New Zealand zilikuwa 16–16 muda ulipotimia, penalti ndefu ya Reece Hodge ikiwa imegonga mlingoti. Chini ya sheria zilezile, timu zote mbili ziliendelea kushambulia kwa zaidi ya dakika nane baada ya saa kufika themanini, kila moja ikikubali kupoteza ili ipate nafasi ya kushinda, hadi mpira ulipotoka nje.